Anayepaswa Kuandika Saa: Hotuba Kuhusu Mashauri ya Malipo ya Kazi ya Ziada

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wawakilishi wa waajiri, mawakili na waamuzi wa migogoro ya kazi, mabibi na mabwana:

Nimeombwa nizungumzie mashauri ambayo wafanyakazi huwafungulia waajiri wao wakidai malipo ya saa za ziada. Mfanyakazi anayefika mbele ya hakimu na dai la namna hii kwa kawaida hana ugomvi na sheria, kwa kuwa sheria humpa haki hiyo waziwazi, na mwajiri naye ni nadra kusimama akakana kwamba kazi ya ziada hulipwa. Ubishi wote huishia kwenye swali moja: saa zenyewe zilikuwa ngapi? Anayebanwa na swali hilo ni mtu ambaye hakuwa na ufunguo wa kabati la rejesta, hakuwa na neno la siri la mfumo wa mahudhurio, na aghalabu amekwisha kuachishwa kazi. Hoja yangu leo ni kwamba kuandika saa ni wajibu wa mwajiri, kwamba wajibu huo una umri wa zaidi ya karne moja, na kwamba mwajiri asiyeutimiza ndiye anayestahili kubeba hasara ya kukosekana kwa kumbukumbu.

Mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani ulifanyika Washington mwaka 1919, na Mkataba Na. 1 uliotoka hapo uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki katika viwanda. Pale ambapo kazi ya ziada inaruhusiwa, mkataba uliagiza ilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na robo ya kiwango cha kawaida. Wengi wanaoutaja mkataba huo huishia hapo. Lakini Ibara ya 8 inaendelea na kumtaka mwajiri aweke kumbukumbu za saa zote za ziada zilizofanywa kazi. Waliotunga mkataba huo walitambua, mwanzoni kabisa mwa sheria za kazi za kimataifa, kwamba malipo na daftari haviachani, kwa sababu haki ya kulipwa saa ambazo hakuna aliyeziandika ni haki ambayo mtu hawezi kuidai akafanikiwa.

Marekani ilifuata mkondo huohuo katika Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938, iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt. Kikomo kilianzia saa 44 kwa wiki na kushuka hadi saa 40 kufikia mwaka 1940. Kila saa inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu, na mwajiri anatakiwa kutunza kumbukumbu za saa na mishahara. Sheria hiyo ilimpa mfanyakazi nafasi ya kufungua shauri mwenyewe, bila kumsubiri mkaguzi wa serikali. Mwajiri anaposhindwa hulipa deni lenyewe pamoja na kiasi kingine kinacholingana nalo, isipokuwa aithibitishie mahakama kwamba alitenda kwa nia njema na kwa sababu za msingi. Mahakama za huko zilieleza mapema kwamba kiasi hicho cha pili ni fidia ya kucheleweshewa ujira, wala si adhabu. Naikubali tafsiri hiyo kwa moyo wote, kwa sababu mtu anayeishi kwa mshahara wa wiki hadi wiki huingia gharama pale ujira wake unapochelewa, hata kama mwishowe utalipwa wote.

Sasa tuzitazame saa zenyewe na namna zinavyopotea. Ni mara chache mwajiri humnyima mtu malipo ya siku nzima kwa mkupuo. Zinazopotea ni dakika za mwanzo na za mwisho wa zamu: kuwasha mashine kabla ya kugonga kadi, kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, kukabidhi zamu kwa mwenzako, kufunga hesabu baada ya kutoka kwenye mfumo. Ziko pia nusu saa za chakula ambazo mfumo huzikata wenyewe kila siku, hata siku ambayo muuguzi au mlinzi hakupata nafasi ya kuketi. Siku hizi zimeongezeka jumbe za simu za usiku, zinazomtaka mfanyakazi ajibu, apange na aripoti akiwa kwake. Wapo wasimamizi wanaoingia kwenye mfumo mwishoni mwa mwezi na kupunguza saa ili bajeti ya idara isivuke kiwango. Na lipo kosa la kihesabu ambalo halionekani kwa urahisi, la kupiga mara moja na nusu juu ya mshahara wa msingi pekee, huku posho na bonasi ambazo sheria za nchi kadhaa huzihesabu kuwa sehemu ya ujira wa kawaida zikiachwa nje.

Dakika hizo zikikusanywa si kidogo. Chukueni mfanyakazi mmoja anayepoteza dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Jumla ni dakika 5,000, yaani saa 83 na dakika 20. Zikilipwa mara moja na nusu, ni ujira wa saa 125, zaidi ya wiki 3 za kazi kamili ya saa 40. Kampuni yenye watu 1,000 katika hali hiyo imefanyiwa kazi ya zaidi ya saa 83,000 kwa mwaka mmoja bila kuilipia, na huenda hakuna hata karatasi moja katika ofisi zake inayoonyesha hivyo.

Shauri lililoweka msingi wa haya yote lilitoka katika kiwanda cha vyombo vya udongo huko Mount Clemens, jimbo la Michigan, na Mahakama ya Juu ya Marekani ililiamua mwezi Juni 1946. Nitalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu tunachobishania hadi leo. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 1,200, na eneo lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu alitembea dakika kadhaa kutoka kwenye saa ya kugonga kadi hadi kwenye meza yake ya kazi. Mwajiri hakulipa kuanzia dakika kadi ilipogongwa. Alihesabu kuanzia robo saa kamili iliyofuata, na jioni alihesabu hadi robo saa kamili iliyotangulia kugonga kadi ya kutokea. Wafanyakazi saba pamoja na chama chao walifungua shauri kwa niaba yao na ya wenzao.

Mahakama ya rufani ilikuwa imewakatalia kwa kuwa hawakuweza kuthibitisha kwa usahihi dakika ambazo kila mmoja alikuwa amefanya kazi bila malipo. Mahakama ya Juu ilikataa kigezo hicho. Ilisema kwamba mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kutunza kumbukumbu na ndiye mwenye nafasi ya kujua. Kwa hiyo, pale ambapo kumbukumbu zake si sahihi au hazitoshi, mfanyakazi anatimiza wajibu wake akionyesha kwamba kweli alifanya kazi isiyolipwa, na akileta ushahidi wa kutosha kuiwezesha mahakama kukadiria kiasi chake kwa njia ya haki na ya busara. Hapo mzigo humhamia mwajiri, naye ama alete hesabu kamili, ama aonyeshe kwamba makadirio hayo hayana mashiko. Akishindwa, mahakama inaweza kutoa tuzo hata kama kiasi ni cha kukadiria. Mahakama ilieleza sababu yake bila kuzunguka: kumdai mfanyakazi usahihi ambao mwajiri ameufanya usiwezekane ni kumpa mwajiri faida itokanayo na kosa lake mwenyewe.

Lakini wafanyakazi wa kiwanda kile hawakuvuna matunda ya hukumu yao. Shauri liliporudishwa mahakama ya chini, jaji aliona kwamba dakika zilizobishaniwa zilikuwa chache mno kustahili kuhesabiwa, akalitupa. Wakati huo tayari mashauri ya namna hiyo yalikuwa yamefunguliwa kwa wingi nchini kote, na Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1947 iliyoondoa, kwa sehemu kubwa, malipo ya mwendo wa kwenda na kutoka mahali pa kazi pamoja na shughuli za kabla na baada ya kazi kuu. Sheria hiyo bado ina nguvu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliitegemea ilipoamua kwamba wafanyakazi wa ghala waliodai kwamba walisubiri hadi dakika 25 kupekuliwa baada ya zamu, kwa matakwa ya mwajiri na kwa ulinzi wa mali ya mwajiri, hawakustahili kulipwa muda huo. Hukumu hiyo ilitolewa kwa kauli moja. Kwa unyenyekevu naona haikuitendea haki hali halisi ya watu wale, kwa sababu mtu asiyeruhusiwa kuondoka bado yuko chini ya amri ya aliyemwajiri.

Hata hivyo kanuni ya mzigo wa kuthibitisha ilibaki hai. Miaka 70 baadaye, mwaka 2016, iliwaokoa wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Tyson Foods kilichoko Iowa. Kampuni haikuwa imeandika muda ambao kila mfanyakazi aliutumia kuvaa na kuvua mavazi ya kinga. Mtaalamu wa wafanyakazi alichambua mamia ya picha za video akapata wastani wa dakika 18 kwa siku katika idara moja na dakika 21 na robo katika nyingine. Kampuni ilipinga kwamba wastani haumwelezi mtu mmoja mmoja. Mahakama ya Juu ilijibu kwamba wastani huo unakubalika, kwa kuwa pengo ambalo ushahidi huo ulikuja kuliziba lilitokana na mwajiri kutoandika. Tuzo ya karibu dola milioni 2.9 ilisimama.

Kuhusu zile dakika zinazoitwa chache mno, ningependa wajumbe wasome hukumu ya Mahakama ya Juu ya California ya mwaka 2018 dhidi ya Starbucks. Mfanyakazi, akiwa ameshatoka kwenye mfumo wa mahudhurio, alituma taarifa za mauzo makao makuu, akawasha king'ora, akafunga mlango na kuwasindikiza wenzake hadi kwenye magari yao. Kazi hiyo ilichukua dakika 4 hadi 10 kila siku. Kwa miezi 17 jumla ilikuwa saa 12 na dakika 50, ambazo kwa kiwango cha dola 8 kwa saa zilifikia dola 102.67. Mahakama ilikataa kwamba muda wa namna hiyo, unaojirudia kila siku kwa mpango wa mwajiri mwenyewe, unaweza kufutwa kwa sababu ya udogo wake chini ya sheria za jimbo hilo. Ilisema kwamba fedha hizo zinatosha kununua mahitaji ya chakula ya wiki moja au kulipa nauli ya basi ya mwezi, na kwamba kinachoonekana kidogo kwa kampuni si kidogo kwa wengi wanaolipwa kwa saa. Majaji waliongeza jambo ambalo linawahusu moja kwa moja waajiri waliomo humu: teknolojia imerahisisha sana kupima dakika, kwa hiyo kisingizio cha ugumu wa kuandika kimepungua nguvu.

Barani Ulaya suala hilihili lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kutokana na shauri la chama cha wafanyakazi cha Hispania, CCOO, dhidi ya Deutsche Bank. Tarehe 14 Mei 2019 mahakama hiyo iliamua kwamba nchi wanachama lazima ziwatake waajiri wawe na mfumo wa kupima muda wa kazi wa kila siku usio na upendeleo, unaoaminika na unaofikiwa na mfanyakazi. Sababu iliyotolewa inafanana na ile ya Mount Clemens: mfanyakazi ndiye upande dhaifu katika uhusiano wa ajira, na bila kipimo cha namna hiyo ni vigumu mno, kama si muhali, kuhakikisha haki zake. Hispania yenyewe ilikuwa imekwisha kutunga sheria miezi miwili kabla, inayomtaka mwajiri aandike muda wa kila siku na kutunza kumbukumbu kwa miaka 4.

Ujerumani inatufundisha kwamba wajibu wa kuandika peke yake hautoshi. Mwezi Mei 2022 Mahakama ya Kazi ya Shirikisho ilikataa dai la ujira la dereva wa usambazaji aliyesema kwamba hakuweza kuchukua mapumziko yake. Mfumo wa kampuni ulirekodi mwanzo na mwisho wa kazi tu, wala haukugusa mapumziko. Mahakama ilisema kwamba hukumu ya Ulaya inahusu afya na usalama wa wafanyakazi na haibadilishi mgawanyo wa mzigo wa kuthibitisha katika madai ya ujira. Dereva alipaswa kuonyesha kwamba alifanya kazi muda huo na kwamba mwajiri aliiamuru, aliivumilia au aliikubali. Miezi minne baadaye mahakama hiyohiyo iliamua kwamba kila mwajiri nchini humo analazimika kuandika muda wa kazi. Kwa hiyo mwajiri anatakiwa kuandika, lakini asipoandika, pengo hilo linaweza bado kumwumiza mdai. Nchi yoyote inayotunga sheria upya inapaswa kuliona jambo hili mapema, kwa sababu wajibu usio na matokeo mahakamani huishia kuwa suala la faini ya mkaguzi, kama mkaguzi atafika.

Waajiri huuliza, na wana haki ya kuuliza, iwapo kanuni hii haiwafungulii mlango watu wa kubuni saa. Jibu langu ni kwamba kanuni haimwachi mfanyakazi ashinde kwa neno lake tupu. Lazima aonyeshe kazi yenyewe, na makadirio yake yawe ya busara: ushahidi wa wenzake, rekodi za kuingia kwenye kompyuta, jumbe za msimamizi, ratiba za zamu, risiti za mwisho za siku. Mahakama hukataa madai ya mtu anayesema alifanya kazi saa 16 kila siku kwa miaka mitatu bila kukosa hata siku moja. Na mwajiri mwenye kumbukumbu nzuri hana haja ya kuiogopa kanuni hii, kwa kuwa haianzi kufanya kazi mpaka kumbukumbu zikosekane.

Utetezi wa cheo nitaupitia kwa haraka. Mtu huitwa meneja au msimamizi, hupewa mshahara wa mwezi, na huambiwa kwamba saa za ziada hazimhusu. Mahakama hutazama kazi anayoifanya na namna anavyolipwa kabla ya kutazama jina la cheo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkubalia madai yake msimamizi wa mtambo wa mafuta baharini aliyekuwa akipata zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, kwa sababu alilipwa kwa siku na hakuwa na mshahara wa uhakika ambao sheria inautaka ili mtu aondolewe kwenye haki hiyo.

Ukubwa wa hofu, hata hivyo, ndio unaozuia mashauri mengi kuliko ugumu wa sheria. Wafanyakazi wengi hudai baada ya kuondoka kazini, wakati sehemu ya deni lao imekwisha kupotea kwa ukomo wa muda. Chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani ukomo ni miaka 2, au 3 iwapo mwajiri alikiuka kwa makusudi, na wiki zilizotangulia kipindi hicho hazidaiki tena. Ndiyo maana ulinzi dhidi ya kulipizwa kisasi ni sehemu ya mjadala huu wa saa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba malalamiko ya mdomo hulindwa sawa na ya maandishi; mlalamikaji alikuwa mfanyakazi wa kiwanda aliyewaambia wakubwa wake kwamba mahali walipoziweka saa za kugonga kadi palifanya muda wa kuvaa mavazi ya kinga usihesabiwe. Hata pale, ugomvi ulianzia kwenye chombo cha kuandika saa na mahali kilipowekwa.

Kwa viongozi wa vyama, naomba mambo mawili. Wafundisheni wanachama waandike saa zao wenyewe siku ileile, kwenye daftari au kwenye simu: muda wa kuanza, wa kupumzika na wa kumaliza, na jina la aliyetoa agizo la kubaki. Maandishi ya siku ileile huaminiwa kuliko kumbukumbu ya miaka miwili baadaye. Pili, dai mnapoliona linagusa watu wengi, lipelekeni kwa pamoja pale sheria inaporuhusu, kwa sababu dai la dola 102 peke yake halimlipi wakili. Someni pia mikataba ya ajira kabla wanachama hawajatia saini, kwani tangu mwaka 2018 waajiri wa Marekani wanaweza kuwafunga wafanyakazi kwa kifungu kinachowataka kwenda kwa msuluhishi binafsi mmoja mmoja, na kifungu hicho kimezima madai mengi ya pamoja.

Kwa waajiri: mpeni mfanyakazi nakala ya saa zake kila mwezi pamoja na hati ya mshahara, na mfumo uonyeshe nani amebadilisha nini na lini. Mkigundua kwamba kuna deni, lipeni kabla ya kushtakiwa.

Kwa watunga sheria waliotuma wawakilishi hapa, napendekeza kifungu kimoja kinachounganisha wajibu wa kuandika na matokeo yake: mwajiri atunze kumbukumbu za saa kwa muda usiopungua ukomo wa kufungua shauri, mfanyakazi aweze kuzipata bila gharama, na zinapokosekana, makadirio ya mfanyakazi yenye ushahidi wa kutosha yakubaliwe hadi mwajiri atakapoyapinga kwa ushahidi. Kifungu hicho kihusu madai ya ujira kwa kuyataja, ili asitokee wa kusema kwamba kiliwekwa kwa ajili ya afya na usalama pekee.

Mheshimiwa Mwenyekiti, niko tayari kupokea maswali, na ningefurahi kuanza na ya waajiri.